Maneno Syntiche Alitia mu Kinywa ya Nkambo

Ku nyumba ya baba yake Faustin, kama mugeni anaingia, Syntiche anapotea. Hakimbie. Anabaki tu pale nyuma ya mama yake, kimya sawa armoire ya manguo, mupaka mugeni anasahau kama kuko mutoto mwingine mu nyumba. Ku shule ni ile ile. Mwalimu anamuita, anasimama, anafungua kinywa, na yote alijifunza inarudi chini mu tumbo. Balimu balishazoea. Ku kuandika banamupatia points, ku kusema banamupita.

"Huyu mutoto mulimuzala na sauti kweli?" tantine Laurentine alikuwa anauliza kila mara anapita kusalimia. "Ao ilibakia ku maternité?"

Laurentine ni dada ya Faustin, na yeye anasema kwa bantu wawili. Syntiche alikuwa anasikia ile maneno, anainamisha kichwa. Mais alikuwa anasikia bintu bingine pia: namna tantine anavuta neno ya mwisho, namna anakamata pumzi kidogo mbele ya kuchongea mutu. Tantine akienda, Syntiche anaingia mu kikoni, na sauti ya tantine inaingia naye. Anasimama karibu na mbabula yenye moto, mikono ku kiuno, anauliza nani alifundisha hii nyumba kupika bukari laini sawa uji. Sephora, mudogo yake, anacheka mupaka anaanguka juu ya mufuko ya makala.

Sephora peke yake njo alijua. Syntiche alikuwa anabeba bantu mu koo: préfet, mukubwa ya shule, mama mwenye kuuzisha mikate ku kona, padri na mafua yake. Hakukuwa anafanya nguvu. Anasikia mutu mara moja, mara mbili, na ile mutu anabaki ndani. Aliwaza ni tabia tu, sawa mutoto mwenye kukula udongo kwa kujificha. Hakuna siku aliwaza kama ile inaweza kuwa kazi.

Kazi, baba yake alishaka kuipanga. Syntiche alikuwa anamaliza mwaka ya munane, mwaka ya kuchagula option, njia ya masomo, na Faustin alishaka kuchagula pahali pake: Commerciale, masomo ya biashara. Gérard, mudogo ya Faustin, iko na dépôt ya bunga na sukari ku Mokambo, pale ku mupaka na Zambia, na anatafuta mutu ya jamaa wa kuikala ku comptoir kupokea bateja.

"Mutoto ya kimya njo ninatafuta," Gérard alisema siku moja mu salon, anakula karanga. "Hatatosha siri ya dépôt inje."

Syntiche akaangalia miguu yake. Bote bakawaza anakubali.

Kisha nkambo Mwaba akakufa.

Nkambo Mwaba, baba ya Faustin, alitoka Mitwaba akiwa kijana, akaingia ku reli, akatumika kule mupaka pension. Alikuwa na sauti ya mutu mwenye kuzoea kusema juu ya makelele ya gari ya moshi. Na alikuwa na namna yake. Mbele ya kusema kitu, hata kama ni kuomba chumvi, anaanza na "Écoute bien," ni kusema sikiliza muzuri, anakohoa mara moja, kisha anaita jina yako mara mbili. Ukisikia jina yako mara mbili, unasimama.

Kilio ikafanyika ku parcelle yake, kiwanja ya nyumba yake, mu Kenya, commune moja ya muji yetu. Banaume inje chini ya bâche, turubai ya kivuli, banamuke mu salon juu ya mikeka, kwaya ya paroisse ku mulango. Na ku batu ya kwetu, kilio ya muzee haiko ya kulia tu. Bajukulu iko na haki yao. Banavaa nguo ya marehemu, banatembea sawa yeye, banasema sawa yeye, banagombeza batoto yake mbele ya bantu, banafunga njia mupaka mutu anatosha kitu mu mufuko. Hakuna mwenye kukasirika. Mujukulu anaweza kumuambia baba yake maneno ambayo siku ingine ingemuletea fimbo. Ni namna ya kusindikiza muzee na kicheko kidogo, bafiwa bapumue.

Mukubwa ya bajukulu alikuwa Jephté, mutoto ya Laurentine. Akavaa koti ya reli ya nkambo, akapanda juu ya kiti, akaanza kulalamika. Bantu bakacheka kidogo, kwa heshima. Mais ilikuwa sauti ya Jephté ndani ya koti, ni yote.

"Shuka," muzee moja akamuambia. "Ile haiko Mwaba. Ile ni muuzishaji wa unités ya telefone."

Pale bakacheka kweli. Laurentine akamuvua mutoto yake koti, akaangalia kushoto na kuume, akaona Syntiche anapita na sahani ya kunawa mikono.

"Tumuvalishe bubu yetu," akasema. "Labda nkambo atamufungua kinywa."

Akamutupia koti ku mabega. Ilikuwa muzito, ilikuwa inanuka tumbako na sabuni. Syntiche akasimama na sahani mu mikono, na bantu ya bâche yote bakageuka. Aliwaza kukimbia. Aliwaza kulia, sababu ku kilio hakuna mwenye kukuuliza juu ya nini unalia. Kisha akaona kitu: hakuna mwenye alikuwa anamuangalia yeye. Balikuwa banaangalia koti.

Akaweka sahani chini.

"Écoute bien," akasema. Akakohoa mara moja. "Laurentine. Laurentine."

Laurentine, mwenye hakuna siku alinyamaza, akasimama wima.

"Ile sufuria ulikamata kwangu siku ya Noël, njo inapika mupaka leo?"

Kicheko ikatoka sawa maji ya robinet yenye ilikuwa imefungwa tangu asubui. Laurentine akaweka mukono ku kinywa, anacheka, machozi inashuka juu ya vidole. Mu salon bamama bakaanza kutoka moja moja, banauliza nani alisema vile. Dada ya marehemu, muzee kabisa, mwenye hasikie muzuri, akaomba bamushike mukono bamufikishe ku mulango. Akabaki pale, anaangalia koti, kinywa wazi kidogo.

"Gérard. Gérard. Unakuja kunizika na viatu inangaa vile, unataka Mungu akuone mbele yangu?"

Bantu bakagonga biti. Makaratasi ya franga ikaanza kuanguka ku miguu ya Syntiche. Jephté njo alikuwa anaokota, kazi yenye alijua. Na Syntiche akatembea, tumbo mbele, mukono moja nyuma, polepole sawa mutu mwenye kupita mu wagon kuangalia tiké. Hakukuwa na woga. Hata hakukumbuka kama iko mutu wa woga.

Njo vile akafika mbele ya baba yake.

"Faustin. Faustin."

Faustin akasimama mbio, namna alikuwa anasimama akiwa mutoto. Syntiche akaona ile, na mu kichwa yake ikaingia wazo yenye haikukuwa ya nkambo.

"Huyu mutoto Syntiche, usimutume ku Mokambo. Umuache asome ile yeye anapenda. Mimi njo nimesema."

Bantu bakangoya kicheko; haikukuya. Faustin akapanguza uso na leso, akajibu:

"Ndiyo, baba."

Syntiche akavua koti. Ku mulango dada ya marehemu akamushika mukono, akamuambia neno polepole. Roho ya Syntiche ilikuwa mwepesi. Aliwaza: imekwisha. Baba aliitika mbele ya bantu yote.

Kesho yake, wakati ya kuosha masahani ya kilio, mwanamuke moja jirani ya nkambo akachuchumaa karibu naye. Jina yake Estelle. Anatumika ku radio moja ya quartier, anacheza mu masketch, michezo ya kuchekesha, na anaongoza émission ya asubui.

"Ile sauti ya jana," akasema, "uko nayo moja tu ao uko na ingine?"

Syntiche akaangalia sahani.

"Kama kunijibu sawa Syntiche inakuchosha, nijibu sawa tantine yako."

Syntiche akakamata pumzi, ile pumzi ya kuchongea.

"Na wewe, masahani yako ulimuachia nani ku nyumba?"

Estelle akaikala chini kabisa, mu maji, juu ya kucheka. "Siku ya posho kuya ku radio," akasema. "Nitamuomba mama yako."

Jumamosi, siku ya posho, mama akamuruhusu. Radio ilikuwa chumba mbili nyuma ya pharmacie. Ku chumba ya kurekodi, balibandika magodoro ku bikuta juu sauti ya barabara isiingie. Batu ine balikuwa banazunguka meza, banabishana namna gani polisi ya roulage, ule wa barabara, anasalimia dereva mwenye hana mapapier. Moja anasema anaanza na bupole. Mwingine anasema hapana, anaanza na kunyamaza, anazunguka gari. Balibishana mupaka chai ikapoa. Syntiche akasikiliza, na akasikia kitu inafunguka ndani. Hii batu bakubwa balikuwa banafanya ile yeye anafanyaka mu kikoni. Na hawakuwa banajificha. Balikuwa banachoka nayo, banairudilia, mangaribi banarudi ku nyumba sawa mutu yote mwenye alitoka ku kazi.

Bakamupatia karatasi. Akafanya mama ya muolewa, akafanya polisi. Kijana wa ma machine akainua kichwa, akatosha casque ku sikio moja.

"Bon," Estelle akasema. "Sasa hii. Ni binti ya miaka yako, anaomba baba yake ruhusa. Usitafute mutu. Soma na sauti yako."

Syntiche akafungua kinywa. Hakuna kitu. Akapima tena. Ikatoka upepo tu.

Estelle hakukasirika. Akamumwangia chai. "Kuiga bantu, batu mingi banajua. Mimi pia nilianza pale, nilikuwa naiga mama mukwe yangu. Mais hii kazi haiishie pale. Iko kusoma, iko kuandika ile maneno bengine banasema, iko kushika micro na kumuuliza mutu juu ya nini maji haiko mu avenue yake. Pale hauwezi kujificha nyuma ya mutu. Mimi nilifanya Littéraire, masomo ya luga na kuandika, kisha ku université ya Kasapa, communication, polepole, nikiwa na mutoto ku mugongo. Wewe unaenda option gani?"

"Littéraire," Syntiche akasema. Ilikuwa mara ya kwanza anaisema, na ilitoka mbele ya kuiwaza.

Akaomba kubeba ile karatasi ya binti. Ku nyumba, akajifungia nyuma ya kikoni na akasoma kwa sauti. Ilikuwa mbaya. Ikatoka padri. Ikatoka mama ya mikate. Akaanza tena. Sephora akachoka, akaenda kulala, na Syntiche akaendelea na ukuta. Posho yenye ilifuata akarudia ku radio, akasoma mbaya. Yenye ilifuata tena, akasoma ile karatasi mupaka chini, sauti inatetemeka, mais yake. Kijana wa ma machine akasema ataongeza volume, haiko neno.

Ile wakati yote hakumuambia baba yake kitu juu ya option. Ya nini? Baba alisema ndiyo.

Ikafika misa ya kumaliza kilio. Kisha ya misa, jamaa ikakutana mu salon ya nkambo kugawanya manguo na kusema mambo ya nyumba. Bakasema juu ya parcelle, bakasema juu ya bipande ya pension. Ku mwisho Faustin akasema:

"Na Syntiche: ku shule balinipatia nafasi yake. Commerciale. Likizo ya kwanza ataanza kuzoea dépôt ku Mokambo."

Gérard akaitika na kichwa. Mutu moja akauliza kama kunabaki munkuyu ya kunywa.

Syntiche alikuwa chini ku mukeka, karibu na Laurentine. Akamuvuta tantine nguo.

"Tantine," akasema polepole. "Mais baba alimuitika nkambo."

"Nkambo gani?"

"Ku kilio."

Laurentine akamuangalia, akaanza kucheka bila kelele. "Mutoto. Ile ilikuwa ya bajukulu. Ya bajukulu inaishiaka ku kilio, njo maana banabaacha baseme. Jephté, ku kilio ya nkambo mwanamuke, alisema, 'Laurentine, mupatie Jephté hii parcelle.' Unamuona na parcelle?"

Jephté, ku mulango, akainua mikono: hana.

Sasa Syntiche alielewa. Ile koti ilimupa ruhusa ya kusema kila kitu juu tu hakuna mwenye anaweka ile maneno ku moyo. Baba yake alisema ndiyo sawa mutu mwenye kuitika ku misa. Na mbaya zaidi, nkambo hakukuwa hata mutu wa kusema vile. Nkambo njo alipeleka batoto yake bote ku reli bila kuuliza. Syntiche njo alimutilia maneno mu kinywa, na nyuma ya ile maneno yeye mwenyewe alijificha.

"Nani anasema kule chini?" Faustin akauliza. "Kama kuko mwenye iko na neno, aseme. Sitaki neno ya mu corridor."

"Hakuna," Gérard akasema. "Tukule."

Syntiche akasimama.

Kitu ya kwanza ilimupandia mu koo ilikuwa nkambo. Alikuwa pale, tayari, na kikohozi yake. Ingekuwa rahisi. Angesema "Écoute bien," bote bangecheka, baba angecheka, na ku mwaka mupya angekuwa Commerciale. Akamumeza.

"Baba," akasema.

Ilikuwa sauti kidogo, kavu. Mama yake akageuka mbio.

"Ku kilio haikukuwa nkambo. Nkambo hangesema vile. Ilikuwa mimi." Akashika ukuta. "Sitaki Commerciale. Nataka Littéraire."

"Kumbe bubu anasema," Gérard akasema. "Na Littéraire inapikwaka na nini? Sombe?"

Bakacheka. Syntiche akangoya baishe. Ile namna ya kungoya kicheko iishe alijifunza ku radio; haikukuwa ya kunyamaza, ilikuwa ya kungoya.

"Baba Gérard, mutu wa ku radio anafanya kazi. Nilienda, niliona. Mama anajua. Banaandika, banasoma, banauliza bantu maswali, banaweka sauti. Unaanza na Littéraire, kisha ku Kasapa kuko communication. Mama Estelle alipita pale na sasa anatumika."

"Donc unataka kuchekesha bantu," Faustin akasema. Hakukuwa anacheka.

"Kuchekesha pia." Akapumua. "Baba, siku ile, nkambo wa pale nyuma, dada ya muzee, alinishika mukono, akaniambia alisikia ndugu yake mara ya mwisho. Nilikuwa sijue nilifanya nini. Tangu siku ile nataka kujua namna inafanyika. Siwaze kitu ingine. Ku comptoir nitakuwa nawaza ile, na sukari ya baba Gérard itamwangika."

"Na ku micro utasema na sauti ya nani?" Gérard akauliza, na sasa hakukuwa anacheza. "Mutoto mwenye anaogopa hata mama ya mikate. Tukuachie kazi ya kinywa, wewe?"

"Ninaogopa," Syntiche akasema. "Niko naogopa sasa hivi. Mais ninasema."

Nyuma, karibu na dirisha, dada ya marehemu akavuta mukono ya mutu. "Huyu mutoto anasema nini? Mimi sisikie."

Faustin akaangalia muzee, kisha akaangalia binti yake.

"Rudilia," akasema. "Kutoka mwanzo. Batu ya nyuma habakusikia."

Ilikuwa mbaya kuliko mara ya kwanza, sababu sasa alijua maneno yote yenye ilikuwa inakuya. Akakohoa, kikohozi ya kweli. Akarudilia. Mokambo, Littéraire, radio, Kasapa, mama Estelle. Katikati sauti ikapasuka na akaendelea nayo vile vile, imepasuka, kwa nguvu, mupaka ku mwisho. Muzee wa nyuma akaitika na kichwa kila neno.

Faustin akakunja leso yake, akaitia mu mufuko.

"Ku kilio niliitika juu ya desturi," akasema. "Leo desturi haimo. Sikia sasa. Utaenda Littéraire. Mwaka moja. Nikisikia mwalimu alikuita na ukanyamaza, mimi mwenyewe nakupandisha bus ya Mokambo. Na huyu Estelle akuye ku nyumba nimuone na macho yangu. Ku radio ni siku ya posho tu, na Sephora anakusindikiza."

"Ndiyo, baba."

"Na dépôt yangu?" Gérard akauliza.

"Kamata Jephté."

"Jephté ataimaliza sukari mbele ya bateja."

"Mujomba, mimi niko hapa," Jephté akasema ku mulango.

Mangaribi bakarudi kwa miguu, Faustin mbele, batoto nyuma, mama ku mwisho na ile sufuria ya Noël ku kichwa, yenye Laurentine alirudisha mbele ya bantu yote. Ku barabara kubwa Faustin akasema bila kugeuka:

"Syntiche. Bote unabafanya? Tantine yako, padri, bote?"

"Ndiyo, baba."

"Na mimi?"

Sephora akafunga kinywa na mikono mbili, mais ikachelewa. Kicheko ilishatokea mu pua.

Faustin akatembea kidogo tena, anaangalia mbele.

"Natembeaka namna gani?"

"Vile unatembea sasa, baba," Syntiche akasema na sauti yake mwenyewe.